Kutoka Ukutani Hadi Ukurasani: Uhakiki wa Kitabu cha Hans Cory kama Chanzo cha Msukumo kwa Wasanifu wa Michoro Usukumani

Sehemu hii inahakiki nafasi ya kitabu cha sanaa katika kumpa msukumo msanifu wa michoro. Kitabu kinachochunguzwa ni *Wall-Paintings by Snake Charmers in Tanganyika* cha Hans Cory, kilichochapishwa London na Faber and Faber mwaka 1953. Kinahusu michoro iliyochorwa kwenye kuta za nyumba za chama cha wacheza nyoka miongoni mwa Wasukuma, wakazi wa kusini mwa Ziwa Viktoria.

Ubora wa kwanza wa kitabu hiki ni uhifadhi. Ukuta wa udongo hubomoka, na nyumba ikianguka mchoro hupotea nayo. Kwa kuingizwa kitabuni, michoro hiyo imedumu kuliko kuta zake. Msanifu wa Mwanza anayebuni jalada au bango leo anaweza kujifunza humo jinsi umbo la nyoka au la mtu linavyotambulika kwa mistari michache.

Hata hivyo, uhamisho huo una gharama. Kwanza, mchoro uliomzunguka mtazamaji chumbani umepunguzwa ukawa picha ya kushikwa mkononi. Pili, michoro hiyo ilikuwa nyenzo ya kuwafunza wanachama, hivyo maana yake ilitegemea maelezo ya mwalimu. Tatu, jina lililo jaladani ni la mkusanyaji, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, ilhali wachoraji wamebaki nyuma yake. Msanifu anayenakili umbo pekee huuendeleza upungufu huo: nyoka aliyekuwa somo hugeuka pambo.

Ulinganisho na riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe unalifafanua suala hili. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, iliyoandikwa kwanza kwa Kikerewe na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, si kitabu cha sanaa. Lakini mwandishi wake anaieleza jamii yake mwenyewe, na vyombo vya nyumbani huonekana humo pamoja na kazi zake na watu wanaovitumia.

Kwa hiyo, inahitimishwa kwamba kitabu cha Cory kinampa msanifu umbo lililotengwa na mazingira ya matumizi yake. Thamani yake hukamilika kinaposomwa sambamba na maandishi ya wenyeji, mikusanyo ya Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, na simulizi za wazee wanaoijua maana ya alama hizo.