Mubalagha, Tarakimu na Kimya: Uhakiki wa Lugha ya Matangazo ya Simu Janja Yasomwapo Himbi, Goma

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau methali hii ingefuatwa neno kwa neno, simu zote zinazouzwa mjini Goma zingehesabiwa kuwa mbaya, maana hakuna isiyojitembeza. Katika mtaa wa Himbi, ulio kando ya Ziwa Kivu, matangazo ya simu janja husomwa kwenye vibao vya maduka, kwenye kuta zilizopakwa rangi za makampuni, kwenye visanduku vya simu na, zaidi ya yote, ndani ya simu ambazo watu wanazo tayari mkononi. Makala haya yanakusudia kuyahakiki matangazo hayo kama tungo fupi zenye fani na maudhui, na kuuliza swali moja: je, yanasema kweli au yanapotosha?

Swali hilo halijibiki kwa jumla, kwa kuwa tangazo moja hubeba kauli za namna mbalimbali. Tutazitenga tatu: mubalagha, tarakimu na kimya. Msimamo wetu ni kwamba kauli yenye makelele mengi ndiyo isiyo na madhara makubwa, na kwamba upotoshaji hukaa hasa pale ambapo lugha inaonekana kuwa ya kisayansi au ya unyenyekevu.

2. Mubalagha si uongo

Tangazo linapodai kwamba simu fulani itabadili maisha ya mnunuzi, au kwamba haina mfano duniani, linatumia mubalagha. Tamathali hii ni ya kale katika fasihi yetu. Msikilizaji wa majigambo hatoki na kipimo kwenda kuhakiki urefu wa shujaa. Anajua kwamba anasikiliza sifa. Mubalagha ina mkataba wa kimyakimya baina ya msemaji na hadhira: wote wawili wanajua kwamba neno limevuka mpaka. Kwa sababu hiyo sheria za nchi nyingi huyaachia majigambo ya kibiashara yapite, mradi yasiwe madai yanayoweza kupimwa.

Wapo wanaopanua hoja hii na kusema kwamba kila mtu anajua matangazo hutia chumvi, hivyo mnunuzi aliyedanganyika ajilaumu mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mkataba tulioutaja upo. Haiwezi kuhamishiwa kwenye tarakimu, kwa kuwa tarakimu si tamathali. Anayetaja hesabu anaomba aaminiwe.

3. Tarakimu na nyota yake

Tuchukue mfano wa kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika, zikiwemo za chapa za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Transsion yenye makao Shenzhen, hutangazwa kwa hesabu ya kujumlisha. Kisanduku huandikwa 16 kwa herufi kubwa, na kando yake huwekwa alama ya nyota. Ukiifuata nyota hiyo hadi kwenye maandishi madogo utakuta kwamba 8 ndiyo RAM halisi, na 8 nyingine imeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu. Hifadhi hiyo ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo cha kuazima hakifanyi kazi sawasawa na cha asili.

Je, huu ni uongo? Kila neno katika kisanduku lina utetezi wake, kwa kuwa nyota ipo na maelezo yapo. Hata hivyo, mpangilio wa maandishi nao ni sehemu ya fani. Jambo lililoandikwa kwa herufi kubwa limekusudiwa lisomwe, na lililoandikwa kwa herufi za chungu limekusudiwa liwepo tu. Kamera nayo hufuata kanuni hiyo. Simu iliyoandikwa megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, na picha inayotoka huwa ya megapikseli 12 na nusu. Hesabu ya 50 si ya kubuni, ila siyo inayoeleza picha ambayo mnunuzi atamtumia ndugu yake.

Hapa mazingira ya Himbi yanaongeza jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hawaligusi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini kisanduku cha simu huandikwa Kiingereza na Kifaransa. Anayekifasiri ni muuzaji, na hukifasiri kwa mdomo. Katika tafsiri hiyo tarakimu 16 huvuka salama, kwa maana tarakimu haina lugha. Nyota haivuki, kwa maana nyota haitamkiki. Hivyo tangazo ambalo lilikuwa na nusu ya ukweli katika Kifaransa humfikia mnunuzi wa Kiswahili likiwa limevuliwa hata kinga yake ya kisheria. Si lazima muuzaji awe mlaghai. Inatosha kwamba maandishi yalitungwa ili sehemu moja itamkwe na nyingine isitamkwe.

4. Picha zisemazo

Tangazo halisemi kwa maneno peke yake. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza kampuni ya Samsung ya nchi hiyo faini ya dola za Australia milioni 14. Matangazo yake ya kati ya 2016 na 2018 yaliwadokezea watu kwamba baadhi ya simu za Galaxy zingeweza kutumiwa katika mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali tundu la kuchajia liliweza kuliwa na kutu iwapo simu ingechajiwa kabla haijakauka. Kampuni yenyewe ilikiri kuwapotosha wanunuzi. Kabla ya hapo, Novemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia ilikuwa imeitoza Apple euro milioni 10. Kosa lilikuwa kutangaza uwezo wa iPhone kustahimili maji pasipo kueleza wazi kwamba vipimo vilifanywa katika hali maalumu za maabara, na huku dhamana ikikataa kugharimia madhara ya maji.

Kwa mkazi wa Himbi hukumu hizi zina maana ya karibu, kwa kuwa ziwa liko mlangoni pake. Maji ya Kivu yenye mawimbi si maji tulivu ya maabara. Iwapo picha ya simu ndani ya maji ni ahadi, basi dhamana inayoyakataa maji ni kanusho la ahadi hiyo hiyo.

5. Kimya na tasfida ya madini

Tunafika sasa kwenye kauli iliyo nzito kuliko zote kwa msomaji wa Kivu ya Kaskazini. Ndani ya kila simu mna vifaa vinavyohitaji tantali, na tantali hupatikana katika koltani. Machimbo ya Rubaya, katika eneo la Masisi, yanakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Waasi wa M23 waliyateka Aprili 2024, na mwishoni mwa Januari 2025 wakauteka mji wa Goma wenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria katika ripoti yao ya mwisho wa 2024 kwamba kodi za Rubaya ziliwapatia waasi hao yapata dola 800,000 kwa mwezi.

Matangazo hunyamaza juu ya hayo. Kimya hicho hujazwa na taarifa za uwajibikaji, ambazo makampuni yaliyosajiliwa katika soko la hisa la Marekani yanatakiwa kuzitoa chini ya sheria ya Dodd-Frank ya 2010. Lugha yake ni ya tasfida. Kampuni haisemi kwamba hakuna madini ya vita katika simu zake. Husema kwamba haikupata sababu ya kutosha ya kuhitimisha kwamba wayeyushaji wake waliyafadhili makundi yenye silaha. Kisarufi hizi ni kauli mbili tofauti kabisa. "Hakuna" hukanusha kuwepo kwa kitu. "Hatukupata" hukanusha tendo la msemaji tu. Asiyetafuta kwa bidii naye anaweza kusema hakupata, na akawa mkweli.

Desemba 2024 serikali ya Kongo iliwasilisha malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple, na miongoni mwa tuhuma ilikuwamo ile ya kuwapotosha wanunuzi. Apple ilizikanusha, ikaeleza kwamba ilikwisha kuwaagiza wauzaji wake wasitishe kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Februari 2025 waendesha mashtaka wa Paris waliliondoa shauri hilo, wakati Ubelgiji hakimu mchunguzi alikuwa ameteuliwa. Tuhuma si hukumu, wala hatuna haki ya kuigeuza kuwa hukumu. Kinachomhusu mhakiki wa lugha ni kwamba mzozo wote umesimama juu ya umbali uliopo kati ya "hatukupata" na "hakuna".

Kwamba lugha nyingine inawezekana, kampuni ndogo ya Fairphone ya Amsterdam imeonyesha. Ilianza kuuza simu mwaka 2013, ikitumia bati kutoka Kivu ya Kusini badala ya kuikimbia Kongo, na tangu mwanzo imekiri hadharani kwamba simu yenye haki kamili bado haipo. Hilo nalo ni tangazo, na lina faida yake kibiashara. Tofauti ni kwamba mpaka wa dai umetajwa ndani ya dai lenyewe, si chini ya nyota.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mubalagha haimdhuru sana mnunuzi, kwa kuwa anaitambua; kwamba tarakimu humpotosha kwa kuwa kweli isiyokamilika; na kwamba tasfida humpotosha zaidi, kwa kuwa hukanusha jambo ambalo halikuulizwa. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Wanafunzi wetu wamefundishwa kutambua tamathali katika tenzi. Wafundishwe pia kuzitambua katika kisanduku cha simu, na kuyafasiri maandishi madogo pamoja na makubwa. Tunapendekeza kwa kuanzia istilahi "RAM ya kuazima", ambayo muuzaji anaweza kuitamka na mnunuzi akaielewa papo hapo.