Nani Kazima Katalasi?

Mwaka 2008, Journal of Biological Chemistry lilichapisha utafiti wa Alvaro Molina-Cruz, Carolina Barillas-Mury na wenzao kuhusu mbu Anopheles gambiae na kemikali kali za oksijeni mwilini mwake. Ikisiri yake ni aya moja tu, lakini imesukwa kisimulizi, na msuko huo ndio unaoamua tutaamini nini.

Inaanza kwa kupanda ngazi. Kemikali hizo humsaidia mbu kustahimili bakteria. Akinyonya damu, vimeng'enya vya kuzipunguza makali huongezeka. Damu ikiwa na vimelea vya malaria, kadhaa kati yavyo huongezeka zaidi. Msomaji akishazoea kupanda, anakatizwa: katalasi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, haiongezeki katika utumbo ulioambukizwa, na utendaji wake uko chini. Hoja hii ingetangulia ingekuwa taarifa tu; ilipowekwa, ni fumbo. Jibu halikawii: watafiti walipoizima jeni ya katalasi, maambukizi yalipungua sana, vimelea vikisambaratika.

Sarufi nayo ina lake. Katikati ya ikisiri, kupungua kwa katalasi ni mwitikio wa kuvamiwa kwa utumbo, usio na mwenyewe. Sentensi ya mwisho inamkabidhi mbu: sasa ni mwitikio wake, unaosaidia kudhibiti maambukizi. Lakini jaribio la kuzima jeni linaonyesha faida ya upungufu huo. Peke yake halimtaji aliyeuanzisha, mbu au kimelea.

Hitimisho linaacha pia gharama. Sentensi chache kabla yake tunaelezwa kwamba mbu walioambukizwa hufa kwa wingi, kwa sehemu kutokana na kemikali hizohizo, na kwamba wakilishwa asidi ya yuriki, antioksidanti kali, vifo hupungua. Silaha hii humjeruhi aliyeishika. Jambo zito hivyo lilistahili nafasi katika kauli ya mwisho.

Kwa upande mwingine, waandishi hawamfichi mhusika: hadi mwisho wanataja Plasmodium berghei, kimelea cha panya. Anayeruka kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni msomaji. Maabarani, berghei hukuzwa ndani ya mbu kwenye nyuzijoto 21 hivi. Plasmodium falciparum, kinachotuua sisi, kwenye 26 au 27. Anayesoma akiwa mtaa wa Section 58, Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, anajua joto si jambo la pembeni: baridi ya huku hukichelewesha falciparum, ilhali chini kule Marigat, Baringo, malaria huenea, na mbu wake mkuu ni Anopheles arabiensis.

Kama simulizi, ikisiri hii imefaulu. Kama ushahidi, inatosha kusema kwamba katalasi ikipungua, kimelea cha panya hudhurika. Kumhusu mbu wa Baringo na falciparum, ichukuliwe kuwa swali la kupimwa, si jibu.