Neno "Gaidi" si Ushahidi: Kukosoa Hoja Moja Potofu

Miongoni mwa hoja zinazojitokeza mara kwa mara katika madarasa ya siasa, iko moja ambayo haina budi kukosolewa waziwazi. Hoja hiyo yasema hivi: kanuni ya kumhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo ni pambo la sheria za mabepari, yamfaa mwizi wa kuku, lakini haimfai aliyeshitakiwa kwa ugaidi, kwa sababu gaidi ni adui wa umma, na adui wa umma hana haki. Wanaoitoa hudhani kuwa ni hoja ya kimapinduzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni potofu kinadharia, ni ya hatari kivitendo, na inapingana na historia ya Chama chetu wenyewe.

1. Kosa la nadharia

Kwanza, hoja hii inalichukua jambo linalotakiwa kuthibitishwa na kulifanya kana kwamba limekwisha thibitika. Hakuna anayebisha kuwa gaidi ni adui wa umma. Swali lililoko mbele ya mahakama ni jingine: je, mtu huyu aliyesimama kizimbani ndiye aliyetenda? Kumwita gaidi kabla ya swali hilo kujibiwa ni kutoa hukumu kwanza na kutafuta ushahidi baadaye. Na akifungwa asiyehusika, umma hupata hasara mara mbili: mwananchi ameonewa, na muuaji halisi angali anatembea.

Pili, hoja hii inasahau nani mwenye nguvu. Katika kesi ya jinai, upande mmoja iko dola na vyombo vyake: polisi, wapelelezi, waendesha mashitaka, magereza. Upande wa pili yuko mtu mmoja, ambaye huenda ni mkulima au mchuuzi asiye na fedha ya wakili. Kanuni tunayoizungumzia inautwika upande wenye nguvu mzigo wa kuthibitisha, na shaka yoyote ya msingi inakuwa faida ya mshitakiwa. Hiyo ni ngao ya mnyonge. Tajiri anazo ngao nyingine.

2. Fundisho la historia

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inayopita hapa Igawa, ilipitisha mafuta ya kuiokoa Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu mwaka 1965. Huko Mgagao, Iringa, wapiganaji wa ZANU walikuwa na kambi yao miaka ya 1970. Kwa serikali ya Ian Smith, vijana hao walikuwa na jina moja tu: magaidi.

Makaburu walikwenda mbali zaidi, wakaligeuza jina hilo kuwa sheria. Sheria yao ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kikomo na bila kufikishwa mahakamani, ikarudisha nyuma tarehe ya makosa hadi 1962, tena ikamtwika mshitakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa na nia mbaya. Kwa sheria hiyo Wanamibia 37 walishitakiwa Pretoria, na mwaka 1968 Ndugu Toivo ya Toivo wa SWAPO akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Waingereza walikuwa wametangulia kuionyesha njia hiyo nchini Kenya. Mwaka 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alitiwa hatiani kwa kuongoza Mau Mau. Mwaka 1958 shahidi mkubwa wa upande wa mashitaka, Rawson Macharia, alikiri kwa kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Wakoloni walimfunga kwa kiapo hicho. Hukumu ya Kenyatta hawakuigusa.

Fundisho liko wazi. Mahali ambapo jina "gaidi" linatosha, ushahidi hauhitajiki. Na mahali ambapo ushahidi hauhitajiki, anayeamua nani ni gaidi ni mwenye bunduki. Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere kilichofunguliwa Kibaha mwaka 2022 ni cha vyama sita vya ukombozi. Vitano kati ya hivyo, yaani ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, viliwahi kubandikwa jina hilo na wakoloni, walowezi au makaburu.

3. Hali yetu wenyewe

Haya hayana maana kwamba ugaidi ni hadithi. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 waliuawa Dar es Salaam katika mlipuko wa Ubalozi wa Marekani. Huko Kibiti, mwaka 2017, waliuawa askari polisi pamoja na viongozi wa vijiji na wa Chama, makada wenzetu. Dola isiyowalinda watu wake dhidi ya mauaji ya namna hiyo haijatimiza wajibu wake. Lakini kumbuka: Mtanzania aliyeshitakiwa hapa nchini kwa mlipuko ule wa 1998 aliachiwa na Mahakama Kuu mwaka 2004, kwa kuwa mashitaka hayakuthibitika. Taifa halikuanguka. Kinachostahili kukosolewa ni kwamba jibu hilo lilichukua miaka sita.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya hatia kuthibitika. Hata hivyo, anayeshitakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 hana dhamana. Mahakama ya chini haina uwezo wa kuisikiliza kesi yake. Inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa, kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande kwa mashitaka ya ugaidi tangu 2014 hadi Juni 2021. Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Ndugu Freeman Mbowe, alikaa tangu Julai 2021 hadi tarehe 4 Machi 2022. Kesi zote mbili ziliondolewa na Mkurugenzi wa Mashitaka. Hakuna aliyetiwa hatiani, lakini miaka na miezi ile imekwisha kutumikiwa. Tofauti zetu za kisiasa na watu hao mahali pake ni jukwaani na kwenye sanduku la kura.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema zuio hilo la dhamana linakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka uo huo. Uamuzi wa Mahakama unaheshimiwa. Lakini jambo kuwa halali hakulifanyi kuwa sera sahihi, na sera ni kazi ya Chama na Bunge.

4. Wajibu wa kada

(a) Kada asimwite mtu gaidi kabla ya hukumu, hata mkutano mzima ukishangilia. Mtu huyo ni mtuhumiwa au mshitakiwa.

(b) Kada ailinde familia ya mshitakiwa isitengwe kijijini. Mke na watoto hawakushitakiwa.

(c) Katika vikao, kada adai upelelezi uwekewe ukomo wa muda, na dhamana iamuliwe na jaji kwa kumpima kila mshitakiwa peke yake.

(d) Kiongozi asiizungumzie kesi iliyoko mahakamani kana kwamba imekwisha amuliwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na uonevu. Kumhukumu mtu kwa kipaza sauti ni uonevu.

Anayesema kwamba haki hizi ni za mabepari na aulizwe: Wanamibia 37 wa Pretoria walikuwa mabepari? Walinyimwa kanuni hii kwa sababu makaburu walijua wangeifuata, ingewabidi wathibitishe.