Simu ya Mshabiki na Karatasi ya Jaji

Mashindano ya Drum Corps International, ambayo washabiki wake huyaita DCI tu, yana tatizo moja la habari: kinachosafiri upesi kuliko vyote ndicho kinachoeleza machache kuliko vyote. Matokeo ya usiku yakishatangazwa, alama huwa zimeshaingia kwenye simu za watu wa California, Uholanzi na Japani kabla watazamaji waliokuwa jukwaani hawajayafikia magari yao. Kinachofika ni namba yenye desimali mbili au tatu. Kwa nini kikosi fulani kimepanda, ni dakika gani ya onyesho iliyokiangusha, hayo huachwa kwa makisio, na makisio huzaa mabishano yanayodumu hadi onyesho la kesho yake. Hoja yangu ni kwamba simu janja inaweza kuondoa upungufu huu, ila si kwa njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza, yaani kamera.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake: DCI iliundwa mwaka 1971, na ubingwa wake wa kwanza ulifanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Kikosi kimoja kina vijana zaidi ya mia, wasiozidi umri wa miaka 21 msimu unapoanza, waliogawanyika katika wapulizaji wa vyombo vya shaba, wapigaji wa ngoma na marimba, na kundi la bendera na bunduki za mbao. Wanacheza na kutembea kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 53 na kitu. Wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa sana ladha ya jambo hili. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa gwaride na tarumbeta karne iliyopita, na sifa za ushindi zilibebwa midomoni mwa watu wa mji. Tofauti kubwa ni kwamba huko Marekani kuna majaji wenye karatasi, na onyesho la kila kikosi, lisilozidi sana dakika 12, ni lile lile kuanzia Juni hadi fainali za Agosti, ambazo tangu 2009 hufanyika zaidi Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis. Ni lile lile kwa jina. Kwa undani hubadilishwa karibu kila wiki.

Kwa miongo kadhaa mshabiki wa mbali alitegemea gazeti la Drum Corps World, lililomfikia kwa posta siku nyingi baada ya tukio, na matangazo ya fainali kwenye televisheni ya umma ya PBS. Mwaka 2004 ikaja njia ya kuonyesha mashindano kwenye kumbi za sinema, na mwaka 2005 fainali zikahamia ESPN2. Baadaye yakaja matangazo ya kulipia kwenye intaneti. Kila hatua iliongeza picha na kuharakisha namba, lakini maelezo yalibaki pale pale. Namba zenyewe zina mpangilio mzuri: alama 100, kati yake 40 za athari ya jumla ya onyesho, 30 za mwonekano na 30 za muziki. Karatasi ya majumuisho huonyesha mgawanyo huo kwa kila jaji, na leo mtu huisoma kwenye simu. Hata hivyo, karatasi hiyo ni jumla ya dakika zote 12. Kwenye fainali za 2008 kikosi cha Phantom Regiment kiliwapita Blue Devils kwa 0.025, na hakuna safu yoyote ya karatasi ile inayoweza kumwambia mtu sehemu hiyo ndogo ya alama ilipatikana wapi uwanjani. Kwa hili mfumo wa zamani, uliotumika hadi 1983, ambapo majaji walihesabu makosa na kukata sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa, ulikuwa na jambo moja la maana, hata kama ulikuwa mkali na wa kuchosha: ulimlazimisha jaji kushughulika na tukio moja kwa wakati wake.

Jibu jepesi ni kusema kila mshabiki arekodi video. Likipimwa kwa makini, halisimami. Kwanza kuna haki za muziki. Vikosi vingi hucheza tungo za watu wengine kwa mpangilio mpya, na kuunganisha muziki na picha kunahitaji kibali chake, mbali na kile cha kuupiga tu uwanjani. Ndiyo maana kurekodi maonyesho hukatazwa, na video zinazopenya huondolewa na mifumo inayotambua muziki yenyewe bila binadamu kuombwa. Pili kuna lenzi. Lenzi ya kawaida ya simu huona upana wa nyuzi 65 hadi 70 hivi, na ikianza kurekodi video hupunguza kidogo ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Kuingiza yadi 100 zote, yaani mita 91, kunataka umbali wa mita 65 hadi 80, na tena kutoka juu, la sivyo maumbo yaliyochorwa kwa ajili ya jaji aliye kileleni mwa jukwaa huonekana kama foleni ya watu. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, simu haisikii jinsi sikio linavyosikia. Kipaza sauti chake kimetengenezwa kwa mazungumzo: sauti ikiwa ndogo huinyanyua, ikiwa kubwa huikandamiza. Mpulizaji mmoja anayeanza peke yake, kisha wenzake sabini wakaingia, hiyo ni kazi ya miezi kwa mwalimu wa vyombo vya shaba. Kwenye simu mwanzo na mwisho hutoka karibu sawa. Anayesikiliza rekodi hiyo akasema kikosi hakikupandisha sauti vya kutosha anakilaumu kwa kosa la mashine.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo linahusu hata mtu asiye na simu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, mwendo unaotosha sebuleni lakini ni mdogo uwanjani. Chukua muziki wenye mapigo 180 kwa dakika, kasi ambayo si ngeni kwa vikosi hivi. Kila pigo huchukua theluthi moja ya sekunde. Wapiga marimba wamekaa mbele kabisa, kwenye ukingo wa uwanja, na wapiga ngoma wako mita 30 nyuma yao. Wote wawili wakifuata mkono wa kiongozi wa gwaride kwa macho, mtazamaji atasikia ngoma zikichelewa kwa karibu robo ya pigo, na atadhani kuna aliyekosea. Kwa hiyo wa mbele hufundishwa kutomtazama kiongozi katika sehemu hizo. Huisikiliza ngoma iliyo nyuma yao na kupiga pamoja na sauti inapowafikia, ili yote yamfikie mtazamaji kwa pamoja. Naye kiongozi mara nyingi huangalia miguu ya wapiga ngoma na kuufuata mwendo wao. Ni mpango wa werevu, lakini umepangwa kwa ajili ya watu waliokaa mkabala na katikati ya uwanja. Aliyekaa pembeni kabisa anaweza kuwa na tofauti ya mita 80 kati ya tarumbeta ya karibu naye na ile ya upande wa pili, yaani karibu robo sekunde, zaidi ya nusu ya pigo. Akiripoti kwamba tarumbeta ziliachana, anasema kweli kuhusu kiti chake na uongo kuhusu kikosi.

Hapo ndipo simu inapopata kazi yake. Inajua saa, na inaweza kujua kiti. Saa ya simu hurekebishwa na mtandao kiasi cha kutosha kulinganisha maelezo ya watu wawili. Kiti nacho si lazima kitafutwe kwa setilaiti, ambazo chini ya paa hukosea kwa urahisi. Tiketi yenyewe siku hizi mara nyingi iko ndani ya simu, ikiwa na sehemu, safu na namba. Hesabu ianze kwenye noti ya kwanza ya onyesho, kisha kila maoni yabebe vitu hivi viwili: sekunde ya ngapi, na kutoka wapi. Maoni ya aina hiyo si rai tupu tena. Watu watano wa pembeni wakisema muziki ulipasuka dakika ya nne na sekunde kumi, huku watano wa katikati hawakusikia kitu, tumejifunza kuhusu umbo la uwanja. Wote kumi wakilisikia, tumejifunza kuhusu kikosi. Tena hili si geni kwa mchezo wenyewe. Majaji wamekuwa wakizungumza ndani ya kinasa sauti onyesho likiendelea tangu enzi za kaseti, na sasa maneno yao huingia kwenye kompyuta kibao na kuwafikia walimu usiku huo huo. Maelezo yaliyofungwa kwenye wakati yapo tayari. Umma tu ndio hauyapati.

Faida kubwa huonekana msimu ukisonga. Kwa kuwa onyesho hutengenezwa upya likiwa safarini, mwisho wa Juni linaweza kukosa dakika mbili za mwisho, au likawa na mwondoko ambao walimu watauondoa mwezi Julai kwa kuwa vijana wanafika mahali pao wakiwa wamechelewa na pumzi zimewaishia. Mshabiki wa Texas huona toleo moja, wa Pennsylvania jingine. Mwandishi mmoja hawezi kufuata vikosi vyote kila mji, wala kamera za matangazo ya kulipia hazikukusudiwa kazi hiyo. Mwongozaji huchagua uso wa mpiga ngoma wakati ambapo badiliko lenyewe liko nyuma ya uwanja. Lakini watazamaji wapo kila mji. Maelezo yao yakipangwa kwa sekunde za onyesho, mtu anaweza kuchukua sekunde thelathini tu za kikosi kimoja na kuzifuata kutoka onyesho la kwanza hadi Indianapolis: lini zilibadilishwa, lini zikaanza kukaa sawa, na kama karatasi ya majaji ilitikisika baada ya hapo. Huo ungekuwa uchambuzi. Tunachosoma sasa ni utabiri wa nani atakuwa wa ngapi.

Atasimama mtu aseme washabiki si majaji, na ushabiki hupofusha. Ni kweli, na sipendekezi wapewe karatasi ya alama. Ila wengi wa wanaokaa kwenye majukwaa hayo walishawahi kuvaa sare wenyewe, na swali wanaloulizwa hapa ni dogo: umesikia au umeona nini, saa ngapi, ukiwa wapi. Upendeleo wa mtu hupenya kwa urahisi kwenye neno "bora" kuliko kwenye sentensi isemayo kwamba safu ya bendera ilidondosha bunduki za mbao mbili kwenye zamu ya tatu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba anayeandika hatazami. Mwanga wa simu gizani humkera jirani, na kunong'ona kwenye simu katikati ya sehemu tulivu ni utovu wa adabu ambao hakuna programu itakayouhalalisha. Kwa hiyo kifaa kinachofaa hakina maandishi wakati wa onyesho: kioo kimezimwa, kidole kinagusa mara moja, simu inatikisika kidogo kuthibitisha, basi. Maneno huandikwa kikosi kinapotoka na kingine kinaingia, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Hilo pia linakwepa udhaifu wa mtandao wa uwanjani, ambako maelfu ya simu hugombea mnara mmoja na kupandisha data ni kugumu kuliko kushusha. Dakika moja ya video ya kawaida hula megabaiti 60 au zaidi. Maoni ya maneno thelathini hayafikishi hata kilobaiti moja, na yanaweza kusubiri kwenye simu mpaka nafasi ipatikane.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni vijana wenyewe. Hawa si wachezaji wa kulipwa. Wao ndio wanaolipa, maelfu ya dola kwa msimu, ili walale kwenye sakafu za shule na kufanya mazoezi juani. Chombo kinachoonyesha sekunde na mahali kinaweza, bila nia mbaya, kumwonyesha kidole kijana wa miaka kumi na saba aliyekosea hatua moja mbele ya watu wengi. Sheria ya kazi hapa iwe ngumu: maoni yataje sehemu ya kikosi, si mtu, na kosa la mpiga solo liandikwe na walimu wake tu, ambao tayari wana sauti za majaji. Tutapoteza maelezo fulani ya kweli kwa kufanya hivyo. Nadhani ni bei inayolipika.

Yapo pia maoni yanayoharibika bila yeyote kudanganya. Mtu akishasikia kwamba kikosi kimepata 97 na nukta, masikio yake huanza kukumbuka mambo yanayolingana na 97. Basi programu itakayokusanya maoni haya ifunge maoni ya kila onyesho kabla ya matokeo ya usiku kutangazwa. Yatakayoongezwa baada ya hapo yaonekane, kwa kuwa kuna watu hufikiri polepole na vizuri, lakini yakae kwenye orodha yake, na saa yalipoingia ionekane pembeni.