Sekunde ya Sita

"Anti, kwani hawa watu walikuwa wanagombania shamba?"

Hilo ni swali la mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Tulikuwa tumemaliza tu kutazama kwenye simu yangu video ya ramani inayosimulia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kwa dakika nne. Nilicheka kwanza. Halafu nikaona kwamba mtoto ameitazama vizuri kuliko mimi. Si ndicho kitu video inaonyesha? Pande mbili, rangi mbili, na mpaka unaosukumwa huku na kule hadi upande mmoja unamezwa. Ukiambiwa ni kesi ya ardhi imetoka mahakamani ikaingia porini, utaamini.

Video yenyewe si kazi ya mtu wa kubahatisha. Ni ya jumba la makumbusho la Abraham Lincoln mjini Springfield, Illinois, lililofunguliwa 2005, na tangu hapo imezunguka mtandaoni hadi ikafika madarasani. Wazo lake ni rahisi na, tuseme ukweli, ni kali: kila sekunde ni wiki moja ya vita. Mapigano yanalipuka kama cheche juu ya ramani. Pembeni kuna kaunta inayohesabu wahanga wa Kaskazini na wa Kusini, na nambari zinapanda tu.

Kabla niichambue, niipe haki yake. Kitabu cha shule hukwambia "vita vilidumu miaka minne", unapiga mstari chini, unaendelea. Hapa unauhisi ule muda. Unaona Virginia ikiwaka mahali pale pale, tena na tena, bila mtu kusonga. Unaona Julai 1863, Vicksburg inapoanguka, jinsi mto Mississippi unavyolikata Shirikisho la Kusini vipande viwili. Unamwona Sherman akitoka Atlanta kwenda Savannah mwishoni mwa 1864 kama kisu kwenye siagi. Mwalimu angehitaji vipindi vitatu na chaki nyingi kueleza hayo. Kwa maswali ya wapi na lini, sijaona kitu kinachoishinda.

Shida inaanza ukiweka hesabu kidogo. Antietam, Septemba 17, 1862: siku moja, watu takriban 23,000 waliuawa, wakajeruhiwa ama wakapotea. Kwa saa ya video hiyo ni sehemu ya saba ya sekunde. Kope inachukua muda mrefu zaidi kufunga na kufunguka. Vicksburg ilizingirwa siku 47. Raia walichimba mapango wakalala humo, na mwishowe kuna waliokula nyama ya nyumbu. Sekunde saba, hata hazifiki.

Hata kaunta nayo ina ujanja wake. Hesabu ya wahanga wa vita huchanganya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea. Mtoto anayeona nambari ikikimbia anadhani zote ni maiti. Waliokufa kwa muda mrefu walikadiriwa kuwa 620,000, na mwaka wa 2011 mwanahistoria J. David Hacker akapendekeza karibu 750,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya matumbo na surua, kambini, mbali na cheche zozote. Kwa hivyo hata kifo, kitu ambacho video inajivunia kukihesabu, sehemu yake kubwa kilitokea mahali ambapo ramani haina alama ya kukionyesha.

Lakini hayo ningeyasamehe. Kitu ambacho siwezi kusamehe ni lile swali la shamba.

Sababu ya vita hivi si fumbo. Jimbo la Mississippi lilipojitoa katika Muungano, Januari 1861, liliandika tamko rasmi na kusema wazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Machi mwaka huo huo, mjini Savannah, makamu wa rais wa Shirikisho, Alexander Stephens, alisimama akahutubia kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe. Hawakujificha. Kujificha kulikuja baadaye, vita viliposhindwa, ndipo tukaanza kusikia habari za "haki za majimbo" na heshima ya Kusini. Kwa hivyo video inayoonyesha mpaka ukisogea bila kuonyesha mpaka ule ulikuwa unalinda nini, hata kama haina nia mbaya, inawafanyia hao waliojificha kazi yao.

Watu karibu milioni nne walikuwa watumwa Marekani mwaka wa 1860. Kwenye ramani ya majeshi, wako wapi?

Rudisha video nyuma. Vita vilianza Aprili 12, 1861, Fort Sumter. Hesabu wiki sita, simamisha kwenye sekunde ya sita. Ni mwisho wa Mei. Kwenye ramani karibu hakuna kitu. Lakini usiku mmoja wa wiki hiyo, huko Virginia, wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliingia kwenye mashua wakavuka maji hadi Fort Monroe, ngome ya jeshi la Kaskazini. Walikuwa watumwa waliolazimishwa kulijengea jeshi la Kusini maboma ya mizinga. Kesho yake afisa wa Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai, kwamba sheria ya Marekani inaagiza mtumwa aliyetoroka arudishwe. Kamanda wa ngome, Benjamin Butler, alikuwa wakili kabla ya kuwa jenerali. Akamjibu, kwa ufupi: nyinyi si mmesema mko nchi nyingine? Basi sheria ya nchi hii haiwahusu. Akakataa kuwarudisha, akiwahesabu kama mali ya adui iliyotekwa.

Ndiyo, mali. Butler hakuwa malaika. Lakini habari ilisambaa, na kabla ya msimu huo wa joto kuisha, mamia walikuwa wamefika pale, wanaume, wanawake, watoto. Agosti, Bunge likapitisha sheria kuhusu mali ya adui iliyotumika vitani, watumwa wakiwemo. Januari 1, 1863, Lincoln akatoa Tangazo la Ukombozi. Hadi vita vinaisha, wanaume weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la Kaskazini. Kwamba vita hivi viligeuka kuwa vita vya kumaliza utumwa, sehemu kubwa ni kwa sababu watumwa wenyewe waliondoka. Na kuondoka kwao hakusukumi mpaka. Rangi ya ramani haibadiliki kwa sababu ya watu watatu ndani ya mashua.

Najua jibu litakalokuja: ni video ya dakika nne, unataka nini zaidi? Hapana, ufupi sina ugomvi nao. Ni afadhali video fupi kuliko mwalimu anayesoma noti zilezile alizosomewa yeye. John Green, kwenye mfululizo wake wa Crash Course wa 2013, anaongea kwa kasi ya makanga wa matatu, lakini hazungushi: anasema chanzo kilikuwa utumwa, kisha anaendelea. Ana hata mhusika anayemwigiza yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, mwenye majibu ya haraka haraka, ili kosa lisahihishwe mbele ya darasa zima. Nao American Battlefield Trust wana mfululizo wa In4, mwanahistoria mmoja, dakika kama nne, jambo moja: matibabu ya vita, magereza, wanamaji. Jambo moja linaenea kwenye dakika nne. Vita vizima haviwezi. Ukikata jambo dogo linabaki jambo. Ukikata vita vyote hadi dakika nne, kinachobaki ni mishale na mshindi.

Na mimi nikipewa dakika nne na kamera, najua ningefunga safari ya wapi. Hiyo ramani inaishia baharini, kana kwamba upande wa pili hakuna watu. Lakini Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka wa 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta Zanzibar kitambaa cheupe kigumu ambacho pwani ilikiita amerikani. Misafara ilikibeba hadi bara kununulia pembe za ndovu. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa kwenye viwanda vya Kaskazini. Vita vilipozuka, pamba ikakauka viwandani, amerikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na India zikaingia mahali pake. Yaani kuna mtu huku kwetu aliyevihisi vita vile dukani, bila kusikia hata mzinga mmoja. Ukimwonyesha mwanafunzi wa Mombasa hicho kitambaa kwanza, hatauliza tena kama Marekani inamhusu.

Kwa mwalimu anayeipenda ile ramani: usiitupe. Andika sababu ubaoni kabla ya kubonyeza. Simamisha kwenye sekunde ya sita, uwataje wale watatu kwa majina. Ikiisha, waulize wanafunzi nani hawakumwona.

Na mpwa wangu hakukosea sana. Shamba lilikuwepo kweli, tena la pamba. Video ilimwonyesha waliolipigania. Waliokuwa wakililima ilibidi nimtajie mimi.