Mchoro Wenye Masharti

Ustadi wa mchora ramani hauonekani kwenye karatasi iliyokwisha chapishwa. Huonekana mchoro unapoguswa. Mwambie asogeze ukuta mmoja, uangalie: dirisha lililokuwa katikati ya ukuta linabaki katikati, kona inabaki pembe mraba, na ukuta wa pili unafuata bila kuitwa. Mchoro wa mwanagenzi ukivutwa hivyo hufumuka kama mkeka usiotiwa pindo.

Kazi huanza na kunasa. Katika programu ya kuchorea ya AutoCAD, kipanya kikikaribia ncha ya mstari hutokea kijisanduku cha mraba. Katikati ya mstari hutokea pembetatu, kwenye kitovu cha duara kiduara, na mistari inapokatana alama ya kuzidisha. Ukibofya hapo, nukta mpya haikai karibu na ile ya awali, inakaa juu yake hasa. Jicho haliiwezi kazi hiyo. Kuta mbili unazoona zimekutana, ukizikuza sana kwenye skrini, huenda zimeachana nusu milimita. Nusu milimita hiyo yatosha programu kukataa kukokotoa eneo la chumba, kwa kuwa kwake chumba hakijafungwa.

Lakini kunasa huisha papo hapo. Ukuta ukisogezwa kesho, nukta haikumbuki ilinaswa wapi. Kinachodumu ni sharti: mistari hii miwili iwe sambamba daima, nukta hii isitoke katikati, duara hili na lile yawe na nusukipenyo kimoja. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, aliwasilisha programu yake ya Sketchpad. Mtu alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo, mistari ikiwa imekwenda mrama, kisha akaiamuru iwe sambamba au ilingane, nayo ikajipanga. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, ila masharti ya namna hii yaliingizwa katika toleo lake la 2010.

Hesabu yake inapendeza ukiifuata hatua kwa hatua. Chukua chumba cha pembe nne. Mistari minne iliyotupwa ovyo ina ncha nane, na kila ncha yaweza kwenda kushoto na kulia, juu na chini: jumla uhuru 16. Unganisha ncha mbili mbili kwenye kona, umeondoa 8. Amuru mistari miwili ilale na miwili isimame, umeondoa 4. Funga kona moja mahali pake, umeondoa 2. Taja urefu na upana, umefika sifuri. FreeCAD, programu ambayo kijana wa Kilifi kwenye pwani ya Kenya anaweza kuipakua bure, hukuhesabia uhuru uliobaki, na ukiisha mchoro hugeuka kijani. Ukizidisha sharti moja hapo, inakulalamikia kwamba hilo halikuhitajika.

Sasa tulete hesabu hii Malindi, kwenye nyumba ya makuti. Makuti hayataki paa lililolala, maana maji yakikawia juu yake, makuti yataoza. Tuseme mchoraji ameweka sharti kwamba paa liinuke nyuzi 45 pande zote mbili, na kilele kikae katikati ya nyumba. Nyumba ina upana wa mita 6, basi kilele kiko mita 3 juu ya kuta. Mteja anakuja na kauli yake: pamebana, ongeza mita 2. Mchoraji anafuta 6, anaandika 8. Kilele kinapanda chenyewe hadi mita 4, na kila kombamoyo, bila kuhesabu upenu, linatoka mita 4.24 hadi 5.66. Hapo ndipo mchoro unapomsemesha mteja: miti mirefu zaidi, makuti mengi zaidi, na gharama nyingine. Mchoraji hajabisha wala hajakubali. Ameonyesha tu kwamba mita 2 za upana haziji peke yake.

Waliojenga mji wa kale wa Gede, kusini mwa Malindi, walilijua jambo hili bila kompyuta. Mji huo una kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na tangu 2024 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sharti lao kuu lilikuwa boriti. Dari ya mawe na chokaa ilibebwa na miti ya mikoko, na mti huo ukizidi urefu fulani haustahimili uzito. Kwa hiyo upana wa chumba ulikomea mita 2.5 hadi 3 hivi, na aliyetaka nafasi aliutafuta urefu.

Na hapohapo Gede, akichora kilichokwisha jengwa, ndipo mchoraji anapopimwa kwa namna nyingine. Chumba cha mita 2.5 kwa 6, kama kimenyooka, kina ulalo wa mita 6.5 kamili kutoka kona hadi kona. Utepe ukisoma 6.6 upande mmoja na 6.4 upande wa pili, kona hizo si pembe mraba. Mwenye pupa ataamuru programu izinyooshe, apate ramani safi ya nyumba ambayo haikujengwa kamwe. Fundi wa kweli huzima masharti ya wima na mlalo, akabakiza kunasa kwenye nukta zilizopimwa tu. Mpindo wa ukuta waweza kuwa ushahidi kwamba chumba kiliongezwa baadaye, au kwamba msingi ulitii ukuta uliotangulia.

Ndiyo maana anayenifurahisha zaidi ni mchoraji anayeuliza kabla ya kushika kipanya. Boriti zinazopatikana zina urefu gani? Kiwanja kinaishia wapi? Ni kipi mteja hatakibadilisha hata akishawishiwa? Programu italinda sharti lolote itakalopewa, la busara na la kipuuzi kwa uaminifu uleule. Kuyachagua masharti ni kazi ya mtu, na huko ndiko ada ya mchoraji inakostahili kulipwa.