Uhakiki wa Kirai "Mikusanyiko Isiyo ya Lazima": Afya ya Jamii na Haki ya Kukusanyika Tanzania

Katika matangazo ya kipindi cha UVIKO-19, kirai "mikusanyiko isiyo ya lazima" kilitumika pasipo kubainisha nani anayepima ulazima huo. Uhakiki huu unadai kuwa katika pengo hilo ndimo haki ya kukusanyika ilimopotelea.

Katiba ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa kukutana katika ibara ya 20, na ibara ya 30 inaruhusu uhuru huo uwekewe mipaka kwa ajili ya afya ya jamii. Kwa hiyo, zuio peke yake si kosa. Swali ni iwapo linawagusa wote kwa kipimo kimoja. Mwaka 2020 mikutano ya kampeni za Uchaguzi Mkuu ilifanyika. Julai 2021, mkoani Mwanza, mikusanyiko ilizuiwa kwa hoja ya maradhi, na Freeman Mbowe akakamatwa kabla ya kongamano la CHADEMA la Katiba Mpya. Alichoshtakiwa ni ugaidi, si kukiuka kanuni za afya. Mashtaka yaliondolewa Machi 2022.

Maradhi yalikuwa ya kweli, na tahadhari ilihitajika. Lakini kwa mkazi wa Ngamiani, Tanga, anayesongamana na wenzake sokoni, msibani na ndani ya daladala, kipimo kinacholiona jukwaa la siasa tu hakiaminiki. Sheria ni msumeno. Ukikata upande mmoja, hata tangazo la kuokoa maisha hupuuzwa. Tangazo la namna hiyo sharti litaje idadi ya watu, muda wa zuio na mahali pa kukatia rufaa.